Programu za Windows Ugenini kwenye Linux

Faili ya programu ya Windows, ile ambayo jina lake huishia na exe, huanza na herufi mbili kubwa: M na Z. Ni herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni umbo la faili hizo enzi za DOS, na mpaka leo kila programu ya Windows hubeba chapa yake kichwani. Faili za programu za Linux zina chapa nyingine, yenye herufi E, L na F. Mtu akibofya faili ya exe kwenye kompyuta yenye Linux pekee, mfumo husoma mwanzo wa faili, hukuta M na Z, na safari huishia hapo.

Wengi hudhani kikwazo ni lugha ya maagizo yaliyomo ndani ya faili. Sivyo. Kompyuta ni ileile, na prosesa yake, iwe ya Intel au ya AMD, hujumlisha, hulinganisha na kuhamisha tarakimu kwa maagizo yaleyale, Windows iwepo isiwepo. Kikwazo ni kwamba programu haijitoshelezi. Ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha, kutoa mlio au hata kujua ni saa ngapi, huuomba mfumo endeshi. Windows ina maelfu ya maombi ya namna hiyo, kila moja na jina lake, utaratibu wake wa kuulizwa na namna yake ya kujibiwa. Linux nayo ina yake, na hayafanani. Programu ya Windows iliyowekwa kwenye Linux ni kama fundi mwenye mikono mizima aliyeingia karakana ya watu: kazi anaijua, lakini kila chombo anachokitaja, wenyeji hawakijui kwa jina hilo.

Ziko njia tatu za kulimaliza jambo hili. Ya kwanza ni kuweka mifumo yote miwili kwenye diski moja na kuchagua wa kutumia kila kompyuta inapowashwa. Haina maelezo mengi. Mtu anayehitaji programu moja ya hesabu kwa dakika kumi hulazimika kufunga kazi zote, kuwasha kompyuta upya, kisha kurudia zoezi hilohilo akimaliza. Baada ya wiki chache wengi hubaki upande mmoja, na kwa kawaida ni ule wenye programu hiyo.

Ya pili ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni inayoishi ndani ya kompyuta halisi. Programu kama VirtualBox, au uwezo uitwao KVM ulioingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2007, hutenga sehemu ya kumbukumbu, sehemu ya diski na sehemu ya nguvu za prosesa, kisha Windows nzima husakinishwa humo. Kwa uaminifu wa matokeo njia hii haina mpinzani, kwa kuwa Windows yenyewe ndiyo inayojibu maombi. Gharama yake ni uzito. Kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu itahangaika kubeba mifumo miwili kwa pamoja, na leseni ya Windows bado inahitajika. Michezo yenye picha nzito nayo huchechemea, isipokuwa kadi ya picha ikabidhiwe moja kwa moja kwa mashine pepe, kazi ambayo si ya anayeanza.

Njia ya tatu ndiyo yenye hadithi ndefu, nayo ni Wine.

Wine ilianza mwaka 1993, Linux yenyewe ikiwa na umri wa miaka miwili tu. Wakati huo kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa na bidhaa iitwayo Wabi, iliyowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye mashine za Sun, na wapenzi wa Linux wakaona hakuna sababu ya wao kukosa. Bob Amstadt alikuwa mratibu wa kwanza. Mwaka uliofuata kazi ikapokewa na Alexandre Julliard, na ameiongoza tangu hapo. Lengo la mwanzo lilikuwa dogo: kuendesha programu za Windows 3.1.

Jina lina utani wa mafundi. Wasemaji wa Kiingereza husikia kinywaji, na alama ya mradi ni bilauri ya mvinyo iliyoinamishwa, lakini herufi zake zilikuja kufafanuliwa kuwa kifupi cha sentensi inayosema kwamba Wine si kiigizi. Kiigizi ni programu inayojifanya prosesa ya aina nyingine. Husoma kila agizo na kulitafsiri, na kwa sababu hiyo huenda polepole. Wine haigusi maagizo hayo. Huyaacha yapite moja kwa moja kwenye prosesa kwa kasi yake yote. Kazi yake ni kusimama mahali ambapo programu inaomba kitu, kulisikia ombi kwa jina lake la Windows, kulitimiza kwa njia za Linux, na kurudisha jibu lililo na sura ya Windows.

Ombi moja dogo linatosha kuonyesha kazi ilivyo. Programu inaomba kufungua faili iitwayo BARUA iliyo katika diski C. Linux haina diski C. Kwa hiyo Wine huwa imeandaa folda ya siri ndani ya nyumba ya mtumiaji, iitwayo nukta wine, na ndani yake folda nyingine iitwayo drive_c, ambayo imepangwa kama diski ya Windows: ina folda ya Windows, ina folda ya Program Files, ina kila ambacho programu hutarajia kukikuta. Mikwaju inayotenganisha folda huegemea upande mmoja kwenye Windows na upande wa pili kwenye Linux, Wine huigeuza. Kisha linakuja la herufi. Kwa Windows, BARUA kwa herufi kubwa na barua kwa herufi ndogo ni faili moja. Kwa Linux ni faili mbili tofauti, na zote zinaweza kukaa folda moja bila kugombana. Programu ikiomba BARUA na iliyopo ni barua, Wine haiwezi kujibu kwamba haipo. Inabidi ipekue orodha ya folda nzima, jina kwa jina, mpaka ipate linalofanana. Folda ikiwa na faili elfu kadhaa, upekuzi huo huonekana kwa macho kama kusitasita. Na hilo ni ombi moja tu, tena la wazi.

Maombi mengine si ya wazi. Microsoft imechapisha vitabu vya kuwaeleza waandishi wa programu jinsi ya kuiomba Windows, lakini vitabu hivyo havisemi yote, na pengine husema hivi huku Windows ikifanya vile. Programu nyingi hutegemea lile linalofanyika, si lile lililoandikwa. Waandishi wa Wine hawaruhusiwi kuchungulia msimbo chanzo wa Windows. Aliyewahi kuuona hakubaliwi kuchangia, ili mtu asije akadai kwamba kazi hiyo imeibwa. Mwaka 2004 sehemu za msimbo wa Windows NT 4 na Windows 2000 zilivuja kwenye intaneti, na tahadhari hiyo ikaonekana ilikuwa na maana. Wanachofanya ni kuandika majaribio madogo, kwa maelfu, na kuyaendesha kwenye Windows halisi: ukiomba hivi, inajibu nini, ukikosea makusudi, inalalamika namna gani. Kisha Wine hufundishwa kujibu vilevile, pamoja na makosa.

Uaminifu huo uliwahi kuwatokea puani. Mwishoni mwa Desemba 2005 iligunduliwa hatari kubwa katika Windows, kwenye aina ya picha iitwayo WMF. Ndani ya faili hiyo ya picha iliwezekana kuwekwa maagizo ya programu, na kompyuta ikayatekeleza mara tu picha inapofunguliwa. Asili yake ilikuwa utaratibu wa zamani wa kuruhusu programu kusitisha kazi iliyokwisha kutumwa kwenye printa. Mnamo Januari 2006 ikabainika kwamba Wine nayo ilikuwa na tundu hilohilo. Hakuna aliyenakili msimbo wa Microsoft. Waandishi wa Wine walikuwa wameutekeleza utaratibu huo kama ulivyo, na hatari ikaingia nao mlangoni.

Kwa kazi ya namna hiyo, haishangazi kwamba toleo la 1.0 lilitoka tarehe 17 Juni 2008, miaka 15 baada ya kuanza. Katikati hapo palikuwa na mengi. Kampuni ya Corel ya Kanada iliitumia Wine kuhamishia WordPerfect kwenye Linux. Leseni ilibadilishwa mwaka 2002, kutoka ile iliyomruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuufungia, kwenda ile ya LGPL inayomtaka atakayerekebisha Wine na kuisambaza airudishe kazi yake hadharani. Badiliko hilo liliwagawa watu, kwa kuwa kampuni moja iliyokuwa ikiuza toleo lake la michezo haikutaka kuendelea kwa masharti hayo. Ukiangalia sasa, uamuzi ulikuwa sahihi. CodeWeavers, kampuni ya jimbo la Minnesota nchini Marekani inayomwajiri Julliard mwenyewe, huuza bidhaa iitwayo CrossOver, ambayo ni Wine iliyonyooshwa kwa watu wasiopenda kuhangaika, na marekebisho yake hurudi kwa wote.

Msukumo mkubwa zaidi ulitoka kwenye michezo. Mchezo wa Windows huchora picha zake kwa kutumia Direct3D, mfumo wa Microsoft ambao Linux haina. Kwa miaka mingi Wine iliutafsiri kuwa OpenGL, mfumo wa picha ambao Linux inao, na tafsiri ilikuwa nzito. Kisha ukaja mfumo mpya wa picha uitwao Vulkan, unaoiachia programu udhibiti wa karibu wa kadi ya picha, na Mjerumani Philip Rebohle akaandika DXVK, programu inayogeuza maombi ya Direct3D kuwa ya Vulkan. Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ilitangaza Proton: Wine, DXVK na vikorokoro vingine vimefungwa pamoja, mnunuzi abofye kitufe na kucheza. Februari 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux. Wengi waliocheza michezo ya Windows humo hawakuhitaji hata kulisikia jina la Wine.

Hata hivyo pengo halikuzibwa lote kwa ufundi wa picha. Programu za Windows hupenda kugawa kazi kwa matawi mengi yanayosubiriana, na Windows ina utaratibu wake wa kusubiri, kwa mfano tawi moja kungoja matukio kadhaa kwa mpigo na kuamshwa na lolote litakalotangulia. Linux haikuwa na kitu kinacholingana nao barabara. Wine ilikuwa na karani mmoja, programu ya pembeni iitwayo wineserver, na kila kusubiri kulipitia kwake. Matawi yakiwa mengi, foleni kwa karani huyo ilirefuka. Dawa ya kudumu ilipatikana pale kiini cha Linux chenyewe, katika toleo la 6.14 la Machi 2025, kilipoongezewa uwezo uitwao NTSYNC unaofuata kanuni za Windows za kusubiri. Mwenyeji ameongeza mlango kwa ajili ya mgeni, jambo ambalo mwaka 1993 lingeonekana ndoto.

Yapo yasiyowezekana, na ni afadhali kuyajua mapema. Programu inayotaka kuingiza draiva yake ndani ya kiini cha Windows haitafanikiwa, kwa kuwa kiini hicho hakipo. Ndiyo maana baadhi ya michezo ya mashindano hukataa: mlinzi wake dhidi ya udanganyifu hutaka kukaa ndani kabisa ya Windows. Walinzi wawili wakubwa, Easy Anti-Cheat na BattlEye, waliweka uwezekano wa kufanya kazi na Proton mwaka 2021, lakini kila mwenye mchezo huamua mwenyewe kuuruhusu au kuukataa, na wapo wanaokataa. Vilevile programu za kiofisi zinazolindwa kwa kifaa cha USB, ambazo hazifunguki kifaa kisipochomekwa, husumbua sana. Matoleo mapya ya Microsoft 365 na programu za Adobe Creative Cloud, ambazo husakinishwa na kuhakiki leseni kwa kuwasiliana na makao yake, ni za kutoahidiwa mtu.

Printa huleta swali lake. Diski ya usakinishaji iliyokuja na printa haina kazi ndani ya Wine. Lakini printa ikishatambuliwa na Linux yenyewe, programu ya Windows itaiona kwenye orodha yake na kuchapa bila kujua nani aliyepeleka karatasi.

Fonti nazo zina fitina yake. Arial na Times New Roman ni mali yenye leseni, na Linux nyingi huja bila hizo. Barua ya kurasa mbili iliyopangwa vizuri kwenye Windows ikifunguliwa bila fonti yake, upana wa herufi hubadilika, mstari wa mwisho husukumwa, na sahihi hujikuta peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti huria za Liberation ambazo sura yake ni tofauti kidogo, lakini upana wa kila herufi umelinganishwa na wa Arial na Times New Roman, na mistari hukatika palepale. Asiyeridhika hutumia winetricks, programu ndogo inayopakua fonti na faili nyingine za Windows na kuziweka mahali pake.

Kuhusu virusi, kuna uvumi kwamba Linux ni kinga ya kutosha. Ndani ya Wine uvumi huo ni hatari. Programu mbaya ya Windows ni programu kama nyingine. Wine ikiijibu vizuri, nayo itafanya kazi vizuri. Kwa kawaida Wine huonyesha diski nzima ya Linux kama diski Z, kwa hiyo programu hiyo huweza kufikia picha, barua na kila faili ambayo mtumiaji ana haki nayo. Kuiharibu Linux yenyewe ni vigumu kwake, lakini aliyepoteza nyaraka zake hafarijiwi na hilo. Kuendesha Wine kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo ni kosa lisilo na udhuru.

Kwa matumizi ya kila siku, desturi nzuri ni kuipa kila programu folda yake ya Wine badala ya kuzirundika zote pamoja. Programu moja hutaka kudanganywa kwamba iko kwenye Windows 7, nyingine Windows 10. Moja huja na faili zinazoikera ya pili. Bottles na Lutris ni programu zinazorahisisha mpangilio huo kwa menyu na vitufe. Ikitokea programu imeharibika, hufutwa folda yake pekee na kazi huanza upya, bila kugusa nyingine. Mradi wa Wine pia una orodha ya programu zilizojaribiwa na watumiaji, zikiwa na madaraja kuanzia platinamu mpaka takataka. Ni vema kuitazama kabla ya kuhangaika, ila toleo na tarehe ya jaribio visipuuzwe, kwa maana takataka ya mwaka 2012 huenda ni dhahabu leo, na kinyume chake pia hutokea.

Swali la kuendesha programu za Windows kwenye Linux limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, hivyo kompyuta nyingi nzima zimeachwa njiani, na kwa mwenye nayo Linux ni pa kukimbilia. Mtu wa namna hiyo aanze kwa kuuliza kama programu anayoitaka ina mwenzake wa Linux. Kwa barua na majedwali, LibreOffice inatosha watu wengi. Mtangulizi wake, OpenOffice, ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2004 kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likaitwa Jambo OpenOffice. Wine ibaki kwa ile programu moja au mbili zisizo na mbadala, na mashine pepe kwa ile ambayo hata Wine imeishindwa.

Kuna kundi moja la programu ambalo mambo yamegeuka juu chini. Programu za zama za Windows 3.1, zile za biti 16, hazifunguki kabisa kwenye Windows za biti 64, na Windows 11 haina toleo jingine. Nyingi kati ya hizo bado hufunguka kwenye Linux, ndani ya Wine.